Siku moja maishani mwangu: najenga mti wa wadi 1,450 nikiwa Lamu

Saa 12 asubuhi. Nikishaswali nafungua kompyuta, kabla joto halijapanda hapa Mkomani. Kazi ya wiki hii ni fomu ya mtandaoni ya kuchagua wadi zitakazopata chanjo ya mifugo. Kenya ina kaunti 47, maeneo bunge 290 na wadi 1,450. Ukizimwaga zote kwenye orodha moja, mtu atasogeza kidole mpaka akate tamaa. Kwenye mti, yaani orodha ya matawi yanayofunguka na kufungwa, Lamu ni tawi moja. Ukilifungua unaona Mashariki na Magharibi, na ndani ya Mashariki mna Faza, Kiunga na Basuba. Basi.

Saa 2. Data inatoka kwenye seva ikiwa mistari mitupu 1,787, kila mmoja una namba yake na namba ya mzazi wake, yaani tawi lililo juu yake. Napita mara ya kwanza nikiiweka yote kwenye jedwali la kutafutia kwa namba zake, kisha mara ya pili namtundika kila mtoto kwa mzazi. Wengi hutafuta watoto wa kila mstari kwa kuikagua mistari yote upya. Huo ni ulinganishaji zaidi ya milioni tatu, na simu ya bei nafuu itakwama.

Saa 4. Mahamri kwa mbaazi, chai ya tangawizi, na mkutano wa simu na timu ya Nairobi. Mteja anataka rangi zake, ikoni zake, na idadi ya wafugaji pembeni ya kila wadi. Hayo yote nayaruhusu: rangi zinabadilishwa kwa vigeu vya CSS, lugha ya kupamba kurasa, na sura ya kila tawi inachorwa na fankisheni (kipande cha msimbo) anayoileta yeye mwenyewe. Lakini mbunifu anataka pia mshale wa kulia wa kibodi uteue wadi, na hapo nakataa katakata. Mwongozo wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, uko wazi: mshale wa kulia hufungua tawi lililofungwa, na likiwa wazi hukupeleka kwa mtoto wa kwanza. Wa kushoto hufunga, au hukurudisha kwa mzazi. Kitufe cha Tab huingia kwenye mti mara moja tu. Anayetegemea kibodi ameshayazoea hayo kwingine, na hatuna haki ya kumfundisha upya kwa ajili ya fomu moja. Sura iwe ya mteja, mwenendo ubaki ule ule wa miti yote. Tumebishana nusu saa, wakakubali.

Saa 8 mchana, baada ya adhuhuri, nampelekea Ami simu barazani.

“Ami, nifungulie Lamu Magharibi.”

“Hapa, mwanangu?”

Anabonyeza jina, si kile kimshale kidogo kando yake, na wadi zote saba zinateuliwa kwa mpigo. Yeye alitaka kuziona tu. Narudi juu nikibadilisha: kugusa jina kunafungua tawi, kuteua kunafanywa kwenye kisanduku, na kisanduku chenyewe nakikuza. WCAG 2.2, mwongozo wa W3C wa kurahisishia wenye ulemavu matumizi ya wavuti, inataka angalau pikseli 24 kwa 24. Kwa kidole cha Ami naweka 44.

Saa 9 na nusu nabaki na visanduku. Ukiteua Faza peke yake, Lamu Mashariki haiwezi kuonyesha tiki wala kubaki tupu. Inapaswa kuonyesha kistari, yaani imeteuliwa kwa sehemu tu. Hali hiyo haiandikiki ndani ya HTML, lugha ya kujengea ukurasa, unaiweka kwa JavaScript, lugha ya kuuendesha. Na kwenye seva napeleka wadi tu. Hali ya mzazi inajulikana kwa kuwatazama watoto wake, hakuna haja ya kuihifadhi mara mbili.

Saa 11 jioni napigiwa na dada mmoja wa Mombasa asiyeona, anayetupimia kazi kwa NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti. Nasikia kompyuta yake ikisoma: Kiunga, imefungwa, 2 kati ya 3.

“Imefungwa nini, kaka? Ndani yake mna nini?”

Hamna kitu. Maktaba ya msimbo tuliyojengea inabandika aria-expanded, alama inayosema tawi limefunguliwa au limefungwa, kwenye kila kipengele, hata majani yasiyo na watoto, na msikilizaji anadhani kuna kitu kimefichwa. Naiondoa kwenye majani, anasikiliza tena, anaridhika. Kisha ananiomba kutafuta kwa herufi.

Saa 2 usiku, baada ya isha, nalimaliza hilo. Herufi moja haitoshi, maana kaunti kumi zinaanza na K, kuanzia Kajiado hadi Kwale. Kwa hiyo mti unasubiri kidogo na kuziunganisha herufi zinazofuatana haraka: k-i-l inatua Kilifi, lakini kwa Kisii na Kisumu inabidi ufike herufi ya nne. Nimemtumia kiungo ajaribu.