London hadi New York kwa ndege, kwenda si sawa na kurudi

Ukiuliza London mpaka New York ni mbali kiasi gani utatajiwa kilomita, kama 5,540 hivi kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow hadi ule wa JFK, sawa, lakini mimi baada ya kwenda na kurudi nasema kilomita peke yake hazitoshi, uliza na upepo unavumia wapi.

Tuliondoka London saa 4 asubuhi, siti yangu dirishani, kwenye skrini nikaweka ile ramani ya safari na sikuitoa mpaka tunatua. Kilichonivutia kwanza ni njia. New York iko chini sana ya London kwenye ramani, inakaribia kulingana na Madrid, lakini sisi tukapita Ireland, tukakata bahari kusini ya Greenland, tukaingia Kanada upande wa Newfoundland ndo tukaanza kushuka na pwani. Ukiangalia ramani ya ukutani utasema tumezunguka, ila chukua tufe uvute uzi kati ya miji hiyo miwili uone unapopita, ni huko huko, ndo njia fupi yenyewe.

Sasa kasi. Ndege inakata hewa kwa karibu kilomita 900 kwa saa lakini skrini ilikuwa inasoma 780, mara 770, mara 790, maana huko juu futi 36,000 kuna mkondo wa upepo unatoka magharibi kwenda mashariki, majira ya baridi ndo unakuwa mkali zaidi, na sisi tulikuwa tunaupinga. Ikala karibu masaa 8 toka milango ifungwe, na kwa sababu New York iko nyuma kwa masaa 5 tukafika huko ni saa 7 tu mchana, siku bado mbichi.

Kurudi ni usiku, na hapo ndo nilifurahi kwelikweli. Ndege ya aina ileile, umbali uleule, skrini inasoma 1,050! Njia za kuvuka Atlantiki Kaskazini zinapangwa upya kila siku kufuata hali ya hewa, wanaokwenda mashariki wanatafutiwa upepo wa mgongoni, wanaokwenda magharibi wanaukwepa kadri inavyowezekana. Februari 2020 wakati wa dhoruba Ciara ndege ya abiria ya kawaida ilitoka New York ikafika London chini ya masaa 5, ikipita kilomita 1,300 kwa saa ukipima kwa ardhi, na bado haikuvuka kasi ya sauti kwa sababu ilikuwa inabebwa na hewa yenyewe inayokimbia. Concorde, ndege ya abiria iliyokuwa inapita kasi ya sauti, ndo ilikuwa habari nyingine, mwaka 1996 ilivuka kwa masaa 2 na dakika 52, lakini ilistaafu 2003 na mpaka leo hakuna ndege ya abiria iliyochukua nafasi yake.

Sisi tukafika juu ya London mapema kuliko ratiba, alfajiri, tukakuta wengine nao wamewahi. Waongoza ndege wakatuzungusha angani tusubiri zamu ya kutua, ndege zimepangwa kwa tabaka futi 1,000 kati ya moja na nyingine, kila ya chini ikitoka tunashushwa tabaka moja. Dakika kama 20 hivi tulizookoa kwa upepo zikaishia hapo, tukatua saa ileile iliyoandikwa kwenye tiketi.