Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye mshika kadi nyekundu

Saa 1:00 asubuhi. Ukumbi mtupu. Nawasha projekta, nabadilisha betri za vipaza sauti, nahakikisha kadi zangu zipo: njano ya kumwambia msemaji zimebaki dakika mbili, nyekundu ya kumwambia ashuke jukwaani. Ukisikia mkutano wa mwaka wa wataalamu wa jenetiki ya viumbe porini unawaza utulivu na hekima. Njoo ukae kiti changu.

Saa 2:30 hadi 4:30. Watoa mada wanane: popo, nyasi, samaki. Wote ndani ya muda.

Saa 5:05. Profesa anaingia na flashi mkononi, wakati slaidi zote nilizitaka tangu jana jioni. Ana dakika 12 na slaidi 54. "Usijali kijana, nitazipitisha haraka." Nafungua faili, herufi za Kigiriki zote zimegeuka visanduku vitupu. Pai haipo, theta haipo. Katika fani hii pai ndiyo kipimo chenyewe cha utofauti: chukua nakala mbili za kipande kilekile cha DNA, tazama ni herufi ngapi kati yake hazifanani. Sasa ukuta mzima umejaa visanduku na ukumbi umeanza kukohoa. Namwomba kompyuta yake. Ameiacha chumbani.

Tukaanza hivyohivyo na visanduku vyetu. Akaanzia kwa Hardy na Weinberg, mwaka 1908, kanuni ya msingi kabisa ya fani hii, mbele ya watu wanaolifundisha somo hilo kila muhula! Nikainua njano. Akanitikisia kichwa kana kwamba nimemsalimia.

Ndipo akafika kwa puma, wale paka wakubwa wa porini, wa Florida, Marekani. Wachache mno, wanazaana ndugu kwa ndugu, mikia imepinda, mioyo ina matundu. Mwaka 1995 wakaletwa majike wanane kutoka Texas, watano wakazaa, na kizazi kilichofuata kikatoka na afya kuliko wazazi wake. Nakiri, kadi nyekundu ilikuwa hewani na mkono ukashuka wenyewe. Alikuwa anasimulia vizuri, mzee yule.

Dakika 19. Mwenyekiti wa kipindi anasoma simu.

Aliyefuata ni mwanafunzi, mada yake ya kwanza maishani. Akaniinamia: "Kaka, dakika zangu zipo zote?" Nikamwambia zipo zote. Nilizitoa kwenye mapumziko ya mchana, na waliochelewa kula wote walijua wa kumlaumu ni nani.

Baada ya hapo saa sizikumbuki. Mabango ya tafiti ya kubandika ukutani, pini zimeisha, bango moja limeanguka mara tatu, miguu inawaka. Mtu ananiuliza choo kiko wapi, mwingine ananiuliza maoni yangu kuhusu uteuzi asilia.

Jioni nazima kompyuta, nakuta flashi ya Profesa bado imechomekwa. Natazama ratiba ya kesho nijue nitamkuta wapi: kipindi cha kwanza, ukumbi wangu. Yeye ndiye mwenyekiti.