Siku Sahani ya Pili Ilipogeuka Njano

Jana usiku binti yangu alinisikilizisha ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye kundi la familia: chemsha majani fulani, kunywa, saratani kwisha. "Mama, si wewe ulikuwa unazipima hizi dawa? Zinaua saratani au haziui?" Nikakumbuka yale magome ya mti tuliyoyapima kwenye maabara ya chuo.

Tulipewa na bibi mmoja mganga kwa makubaliano kwamba jina la mti lisitoke, na hata leo silitaji. Tuliyakausha kivulini, tukayasaga, tukayaloweka kwenye methanoli, aina ya alkoholi, tukachuja. Kipimo cha antioksidanti kilikwenda upesi. Kemikali ya DPPH ina rangi ya zambarau iliyokolea, na ikikutana na antioksidanti, yaani kitu kinachozima radikali huru (molekuli zisizotulia zinazoweza kudhuru seli), hufifia ikawa njano. Magome yetu yaliifanya njano hasa. Tulifurahi, ingawa mimea mingi hufaulu hapo, maana fenoli, kemikali za mimea zinazofanya kazi hiyo, zimo karibu kila jani.

Siku ya seli ndiyo siisahau. Tulitumia HeLa, seli za saratani zilizotoka kwa Henrietta Lacks, mama aliyefariki Marekani mwaka 1951 kwa saratani ya mlango wa kizazi, na mpaka leo seli zake zinazidi kugawanyika. Kila nilipozitoa kwenye kabati la nyuzi 37 nilimfikiria mama yule.

Dawa ya kipimo, MTT, ni ya njano. Seli iliyo hai huigeuza kuwa fuwele za zambarau. Iliyokufa huiacha ilivyo. Nikaweka sahani yenye vishimo 96 juu ya karatasi nyeupe. Upande wa dozi ndogo, zambarau. Katikati, zambarau iliyopauka. Kwenye dozi kubwa, njano tupu, safu nzima. Mwenzangu alinishika bega kwa nguvu, na mimi moyo ulikuwa unanienda mbio.

Msimamizi wetu hakusema kitu. Alisogeza sahani ya pili, ya seli za Vero, za figo ya tumbili, ambazo hazikutoka kwenye saratani. Dozi zile zile. Nazo zilikuwa njano, karibu kishimo kwa kishimo.

"Inaua," akasema. "Lakini haichagui."

Nilibishana naye. Vinkristini, inayotokana na ua la Madagaska, nayo ni sumu, na bado inatibu watoto wenye saratani ya damu. Akakubali, akaongeza kwamba hiyo ni kemikali moja iliyotengwa, inayopimwa kwa miligramu na kuingizwa kwenye mshipa. Sisi tulikuwa na mchanganyiko wa vitu vingi, na ufadhili uliisha kabla hatujavitenganisha.

Tulimpelekea bibi majibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hizo seli mlizinywesha kiasi gani? Mimi simpi mtu zaidi ya kijiko."

Swali lake lilikuwa zito kuliko yote niliyoulizwa chuoni. Kwenye kishimo dawa inaifikia seli moja kwa moja. Ndani ya mtu inapita kwanza tumboni na kwenye ini, na kinachobaki kwenye damu hatukuwa tumekipima. Nikamwambia hivyo hivyo. Akataka kujua tutapima lini.