Ranthambore: chui milia husikika kabla hajaonekana

Baba mdogo alikuwa askari wa wanyamapori, na miaka yake mingi kazini aliimalizia Mikumi. Mwezi Machi alikuja Jaipur, mji wa India ninakosoma, kutibiwa goti. Daktari alipomruhusu kusafiri nikamwambia nitamtembeza kwenye majumba ya wafalme. Akakataa katakata. "Simba nimewaona mpaka wakanizoea, mwanangu. Nipeleke nikamwone chui milia."

Kutoka Jaipur hadi Sawai Madhopur ni mwendo wa saa mbili hivi kwa treni. Kuta za stesheni zimechorwa wanyama, kwa hiyo ukishuka tu unajua mji huu unaishi kwa nani. Kibali nilikuwa nimekikata mapema mtandaoni. Hifadhi ya Ranthambore imegawanywa katika kanda kumi, na kila gari hupangiwa kanda yake, huruhusiwi kuhamia nyingine hata ukisikia huko ndiko mnyama aliko. Sisi tulipata kanda ya tatu, yenye maziwa. Kuna magari ya wazi ya aina mbili: Canter la watu 20 na Gypsy la watu sita. Tulichukua Gypsy, goti lipate pa kunyooka.

Machi ni mwezi wa ukame. Miti ya dhok, ambayo ndiyo mingi humo, ilikuwa imepukutika, vilima vyote vimevaa rangi ya majivu, isipokuwa pale mti wa palash ulipochanua maua mekundu yasiyo na jani hata moja. Juu ya jabali inasimama ngome kongwe ya Ranthambore, ambayo mwaka 2013 UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia pamoja na ngome nyingine tano za jimbo hili la Rajasthan. Ndani yake kuna hekalu la Ganesh, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, na Wahindu wa mbali hulitumia kwa posta kadi za mialiko ya harusi zao. Mwongozaji alituambia hilo kwa fahari, na mimi nimelipenda kuliko habari zote za wafalme.

Maana wafalme wa Jaipur walipageuza mahali hapa uwanja wa kuwindia. Mwaka 1961 Prince Philip, mume wa Malkia wa Uingereza, alimpiga risasi chui milia humu humu akiwa mgeni wao. Miaka kumi na kitu baadaye hesabu ilipofanywa India nzima, ilionekana wamebaki 1,800 na kidogo. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha Mradi wa Chui Milia, na Ranthambore ikawa miongoni mwa hifadhi tisa za mwanzo. Makadirio ya mwaka 2022 yanawataja zaidi ya 3,600 India nzima.

Baba mdogo alisikiliza yote hayo, kisha akauliza swali moja: "Na watu waliokuwa wakiishi humu?" Mwongozaji akajibu bila kuficha kwamba vijiji vilihamishwa miaka ya sabini, na babu yake alikuwa mmoja wa waliohama. Mzee akatikisa kichwa. Swali hilo halikumtoka bure. Nadhani kila aliyewahi kuvaa sare ya hifadhi, kwetu au kwao, analo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mikumi unatafuta mnyama kwa macho: uwanda uko wazi, simba wamelala kundi zima chini ya kivuli, magari yanajipanga. Chui milia anatembea peke yake, na ile milia ikiingia kwenye nyasi kavu humwoni hata akiwa hatua ishirini kutoka ulipo. Kwa hiyo dereva alikuwa akienda kidogo, anazima injini, tunakaa kimya. Kazi ilikuwa kusikiliza.

Wanaotoa habari ni majirani zake. Kima wa langur hukaa juu mitini, naye akimwona hukohoa kwa ukali, huku uso ameuelekeza upande adui aliko. Chini yake huwa kuna chital, paa wenye madoa meupe, wanaookota majani yanayodondoshwa na kima; wao hupiga mlio mwembamba na mkali. Lakini mwongozaji alituonya kwamba chital hushtuka hata kwa mambo madogo. Wa kuaminika ni sambar, yule mnyama mkubwa wa kahawia mwenye pembe za matawi. Sambar akipaza sauti mara kwa mara, chui milia yupo.

Tukiwa karibu na ziwa la Rajbagh, baba mdogo akanishika mkono. Alikuwa ameona nyayo mchangani, kingo zake bado kali, na alama za matairi ziko chini yake. "Amepita baada ya magari ya asubuhi," akasema. Mwongozaji akamtazama kwa heshima mpya, na tangu hapo wakawa wanazungumza kama watu wa kazi moja. Akatuonyesha shina la mti ambalo chui milia alilirushia mkojo. Nilisogeza pua: linanukia mchele wa basmati, sawasawa na jikoni kwetu siku ya pilau.

Kisha sambar akalia. Sauti nzito, kama honi ya lori kuukuu, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Langur akaitikia. Dereva hakuwasha injini.

Alitoka kwenye majani marefu, jike, bila haraka yoyote. Alipotupa kisogo niliona madoa meupe nyuma ya masikio yake. Akafika majini, akageuka, akaingia kinyumenyume, makalio kwanza, mpaka maji yakamfika kifuani, akatulia akitutazama. Baba mdogo hakutoa simu wala kamera. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Baada ya muda Canter mbili zikaja kwa kasi na vumbi, watu wamesimama juu ya viti. Yule jike akainuka akaondoka. Hilo liliniuma, na nalisema wazi: mnyama aliyehifadhiwa kwa gharama kubwa hivyo anastahili kuachwa aoge.

Kwenye treni ya kurudi mzee alikuwa tayari anauliza habari za Sariska, hifadhi nyingine ya Rajasthan. Huko majangili waliwamaliza chui milia wote, na ikathibitika mwaka 2005 kwamba hakubaki hata mmoja. Mwaka 2008 wakaanza kurudishwa kwa helikopta, wakichukuliwa hapa hapa Ranthambore. Wamezaana tena. "Huko ndiko ninakotaka kwenda," akasema, "nikazungumze na askari wao." Kliniki yake inayofuata ni mwezi Novemba, na kibali cha Sariska nimeshaanza kukiulizia.