Nilivyomuua mdoli, kisha nikamwokoa

Niko chuo cha uuguzi, na mwalimu wetu wa mazoezi tunamwita Madam. Aliyeniponza ni kaka mmoja wa mwaka wa 3. "We jaza karatasi ya vipimo vya mgonjwa kila dakika 15, mwandiko usomeke, Madam hana neno." Nami kwa mwandiko sijambo.

Mgonjwa wetu ni mdoli wa plastiki, tunamwita Shangazi. Siku hiyo katoka chumba cha upasuaji, kajifungua kwa kisu. Sauti yake alikuwa mwenzetu wa Pangani, kajificha nyuma ya pazia, mtu asiyejua kukaa bila utani. Kila nikipima, Madam anaandika jibu ubaoni.

Mapigo 88, nikaandika. 104, nikaandika. Bandeji ya tumboni nyeupe pe, presha 110/70, shwari kabisa. Shangazi akasema, "Mwanangu, nina kiu." Nikamjibu, "Pole Shangazi, subiri kidogo," nikarudi kupiga mistari kwa rula. Ndiyo, rula! 126. "Mwanangu, mbona naona kiza?" Nikamwambia afumbe macho apumzike. Pazia likacheka, kisha Madam: "Shangazi amefariki. Mfunue."

Shuka chini ya kiuno lilikuwa chapachapa. Damu yake, yaani choya ile nzito ya kuchemsha, karibu jagi zima, ilikuwa imeshafika kwenye godoro, na pedi sikuwa nimeitazama hata mara moja. Damu ya uzazi hairuki juu ikakae kwenye bandeji, inafuata mteremko kwenda mgongoni. Na mwili wa mama kijana huishikilia presha mpaka dakika za mwisho, wakati mapigo yameanza kupiga kelele zamani. Yote hayo nilikuwa nayo kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri.

Tulipoketi kujitathmini, Madam akaniuliza nilijisikiaje. Nikasema nilijisikia kwenda kuuza mihogo Raskazone.

Ngamiani nikanunua saa yenye mshale wa sekunde, elfu kumi na kitu hivi, nikaanza mazoezi kwa bibi yangu Makorora. Kuhesabu pumzi kulinitoa jasho. "Mbona wanikodolea kifua?" Akishajua, anahema kama yuko mbele ya kadhi. Basi nikawa nikimaliza mapigo siuachii mkono wake, natazama saa, jicho moja likiibia kifuani. Bibi akaendelea na habari za jirani, nami nikapata 18 kwa dakika bila yeye kushtuka. Hilo hakuna kaka aliyenifundisha.

Mara ya pili sikugusa kalamu. Glavu, "Shangazi, naingiza mkono chini yako kidogo," mkono ukatoka mwekundu. Nikapaza sauti kuita msaada, nikashuka kwenye tumbo kuukanda mji wa mimba ukaze, mwenzangu mbio kwenye dripu na oksitosini, dawa ya kuukaza zaidi. Mgongo unauma, jasho linadondokea mdoli, feni ya chumba kile ni pambo tu.

Madam akaandika ubaoni: mapigo 92.

Pazia likakohoa. "Mwanangu, na ile rula leo umeiacha wapi?"