Hesabu Kwenye Geti

Stima ilipotea mwendo wa saa mbili usiku, Septemba 2014, na ploti yetu ya Manyatta, Kisumu, ikabaki na tochi moja: ya soja wa getini. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi, na tochi ile ilimulika vitabu kuliko wezi. Nilipotoka kutafuta hewa nilimkuta ameandika kwa chaki kwenye bati jeusi la geti:

(x⁻¹ + y⁻¹) / (x⁻² − y⁻²)

Chini yake alikuwa na jibu lake, x − y. Kando, kwa herufi ndogo za hasira, jibu lililochapishwa nyuma ya kitabu: xy/(y − x).

"Mwalimu, hiki kitabu kimekosea."

"Omera, hebu nionyeshe ulivyofika hapo."

Alikuwa amefuata ile kauli ya kwamba kipeo hasi (ile namba ndogo ya juu yenye alama ya kutoa, kama x⁻¹, yaani 1/x) kikivuka mstari wa sehemu hugeuka chanya. Akateremsha x⁻¹ + y⁻¹ ikawa x + y, akapandisha x⁻² − y⁻² ikawa x² − y². Kisha tofauti ya miraba miwili: (x − y)(x + y) juu, x + y chini, akakata. Kila hatua baada ya ile ya kwanza ilikuwa safi. Ndiyo maana kosa hili huudhi, linazaa jibu fupi na zuri, lenye sura ya jibu kabisa. Na kauli yenyewe ni sisi walimu tunaoiimba darasani, nami nimo, bila kumalizia nusu yake ya pili.

Sikutaka tubishane kwa kanuni. Nilimwambia aweke x = 2 na y = 3. Juu ni nusu na theluthi, yaani 5/6. Chini ni robo toa 1/9, yaani 5/36. Gawanya, unapata 6. Jibu la kitabu linakupa 2 × 3 gawanya kwa 3 − 2, ambayo ni 6. Lake linampa hasi 1. Alirudia yote kwa kikokotoo akidhani nimemchezea. (Namba za kujaribia zina ubaya wake: 1 huficha makosa kwa sababu kipeo chochote hakiibadilishi, 0 haina kipeo hasi, na x ikilingana na y chini panakuwa 0.)

"Sawa. Sasa nimeharibu wapi?"

Tanki la ploti alikuwa akilijaza yeye, kwa mfereji wa mji na kwa pampu ya kisima. Nikamwambia tuseme mfereji peke yake unalijaza kwa saa 2, pampu peke yake kwa saa 3. Kwa saa moja mfereji unajaza nusu ya tanki, 2⁻¹, na pampu theluthi, 3⁻¹. Ukifungua vyote viwili, muda wa kujaa ni 1/(2⁻¹ + 3⁻¹). Kwa njia yake ya kuvusha, hiyo ni 2 + 3, saa 5.

Alicheka hadi tochi ikatikisika. "Nifungue maji mara mbili ndiyo nichelewe zaidi?"

Muda wa kweli ni 6/5 ya saa, yaani saa 1 na dakika 12. Hapo ndipo nusu ya pili ya kauli ilipomwingia. Kinachoruhusiwa kuvuka mstari ni kigawo, kitu kinachozidisha sehemu yote ya juu au yote ya chini. Kwenye 6a³b⁻² / 9a⁻¹b⁴ hakuna kinachojumlishwa, kwa hiyo vusha utakavyo, utafika 2a⁴/3b⁶. Mradi ukumbuke kwamba 3 toa hasi 1 ni 4. Wengi huandika 2. Lakini x⁻¹ ndani ya x⁻¹ + y⁻¹ ni kijumlishwa. Kumwondoa huyo ni kuzidisha juu na chini kwa x, na x haichagui wa kumgusa: juu panakuwa 1 + xy⁻¹, na x imemng'ang'ania jirani.

Basi tukazidisha mara moja kwa kitu kinachotosha kuua vipeo hasi vyote. Kipeo kikubwa zaidi chenye hasi ni 2 kwa kila herufi, kwa hiyo x²y². Juu: xy² + x²y. Chini: y² − x². Hapa nilimsimamisha, kwa kuwa mkono wake ulikwishaanza kuandika x² − y² kwa mazoea. x⁻² ikikutana na x²y² inayobaki ni y², nayo ndiyo inayotangulia. Ukigeuza, jibu linatoka na ishara ya kinyume. Kisha vigawo: xy(y + x) juu, (y − x)(y + x) chini. Kata y + x, inabaki xy/(y − x).

Alikuwa ameshainua chaki akate y ya juu na y ya chini. Ugonjwa ni uleule: ile y ya chini imefungwa kwenye kutoa, si kigawo. Karatasi ya kwanza ya hesabu katika mtihani huo wake huwa na maswali 16 ya lazima kwa alama 50, alama 3 hivi kila moja, na mkato kama huo wa mwisho hula alama ya jibu baada ya kazi yote.

Alitaka kujaribu tena mwenyewe, kwa namba zake. Akachagua 2 na −2. Jibu la kitabu, xy/(y − x), likampa 1, kikokotoo kwenye swali lenyewe kikagoma.

"Unaona? Kitabu kimekosea!"

Mara hii alikuwa na haki kidogo. Kwa namba hizo juu ni 0 na chini ni 0, na kile tulichokata, y + x, ni 0 vilevile. Jibu fupi halisemi hivyo, ni lazima liandikiwe pembeni kwamba x na y zisiwe 0, y isiwe x, wala isiwe −x. Kitabu hakikuwa na mstari huo. Akachomoa biro, akauandika humo, tochi ikiwa kwapani.