Namba za Kura za Maoni na Ndimi Mbili za Wanasiasa: Mambo ya Kukagua Kabla ya Agosti 2027

Siku chache kabla ya Wakenya kupiga kura Agosti 9, 2022, kampuni ya Ipsos ilitoa matokeo ya mahojiano na watu zaidi ya 6,000: Raila Odinga asilimia 47, William Ruto asilimia 41. Infotrak na TIFA, kampuni nyingine za utafiti, nazo zilikuwa zimemweka Raila mbele. Tume ya uchaguzi ilipotangaza matokeo Agosti 15, Ruto alikuwa na kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49, na Raila kura 6,942,930, asilimia 48.85. Tofauti yao ilikuwa kura 233,211 tu.

Tangu hapo, "kura za maoni hununuliwa" ni kauli utakayoisikia kila mahali. Sikubaliani nayo, si kwa sababu kampuni hizi hazikosei, bali kwa sababu mtu anayetupilia mbali namba zote hana tena njia ya kutofautisha iliyopatikana kwa jasho na iliyopikwa usiku kwenye simu. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Namba zitamiminika, na kuzikagua hakuhitaji shahada ya takwimu.

Anza na sampuli. Chukua idadi ya waliohojiwa, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawanya 100 kwa jibu. Watu 1,000 wanakupa takriban 3.2, watu 2,000 wanakupa 2.2, watu 6,000 wanakupa 1.3. Hicho ndicho kiwango cha makosa, ile alama ya kujumlisha na kutoa ambayo gazeti huiweka mstari wa mwisho kwa herufi ndogo. Mgombea akipewa asilimia 46 katika sampuli ya watu 2,000, soma kwamba yuko kati ya 44 na 48 hivi.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Kiwango kile ni cha mgombea mmoja. Ukitaka kujua pengo kati ya wawili, karibu ukizidishe mara mbili, kwa sababu kura inayotoka kwa huyu mara nyingi huangukia kwa yule. Kwa sampuli ya watu 2,000, pengo lolote chini ya pointi nne hivi halitoshi kumtangaza yeyote kuwa anaongoza. Na ukilinganisha mwezi huu na mwezi uliopita, mgombea aliyetoka 44 hadi 46 hajapaa popote. Sampuli mbili tofauti za ukubwa huo zinaweza kupishana kwa pointi tatu bila mpiga kura hata mmoja kubadilisha nia. Vichwa vya habari vinavyosema fulani "apaa" au "aporomoka" kwa pointi mbili vinatangaza habari ambayo haipo.

Baya zaidi ni ramani za kaunti. Kampuni ikihoji watu 2,400 nchi nzima, ukigawa kwa kaunti 47 unabaki na watu 51 kwa wastani. Rudi kwenye hesabu yetu: kiwango cha makosa kinafika asilimia 14. Mhariri anayechora ramani yenye rangi na kuandika kwamba fulani anaongoza Kwale au Busia kwa pointi sita amewapa wasomaji wake kitu kisicho na uzito. Namba za kaunti ziamini tu pale kaunti hiyo ilipohojiwa peke yake kwa mamia ya watu.

Sasa rudi kwa Ipsos ya 2022. Kwa watu zaidi ya 6,000, pengo la pointi sita haliwezi kuelezwa kwa bahati mbaya ya kuchagua wahojiwa. Hapa ndipo penye funzo lenyewe. Kiwango cha makosa hupima kitu kimoja tu, bahati nasibu ya nani ahojiwe. Hakipimi kama mhojiwa alisema kweli, wala kama ataamka asubuhi kwenda kituoni, wala wale waliokataa kujibu wangempa nani. Jumlisha 47 na 41 upate 88. Toa kiasi kidogo cha wagombea wengine, na bado inabaki karibu asilimia tisa ya watu ambao hawajaamua au hawakutaka kusema. Pengo ni sita na kimya ni tisa. Namba ya kimya ikizidi namba ya pengo, hakuna anayeongoza kwa uhakika, na hilo lilionekana wazi siku ile ile matokeo yalipochapishwa.

Kwa nini kimya kile kiliegemea upande mmoja? Rais Uhuru Kenyatta alikuwa akimuunga mkono Raila, na mwananchi wa Mlima Kenya, nyumbani kwa Uhuru, aliyehojiwa na mtu asiyemjua alikuwa na sababu ya kusema "bado naangalia." Hilo ni fasiri yangu, lakini linalingana na jinsi kura nyingi za mlimani zilivyomwangukia Ruto. Halafu kuna waliojitokeza. Mwaka 2013 walikuwa karibu asilimia 86 ya waliojiandikisha, na mwaka 2022 takriban 65. Karibu kila mhojiwa husema atapiga kura. Theluthi nzima ya waliojiandikisha ikibaki nyumbani, ngome ambako watu hawakutoka humpotezea mgombea wake pointi ambazo utafiti ulishamhesabia.

Swali lenyewe pia lina nguvu yake. Muulize mtu, "Je, unaunga mkono mpango wa nyumba za bei nafuu ili vijana wapate kazi?" Kisha muulize mwingine, "Je, unaunga mkono kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wako kila mwezi kwa ajili ya nyumba?" Mpango ni ule ule, makato ni yale yale, lakini majibu yatapishana sana. Ndiyo maana matokeo yasiyoandamana na maneno kamili ya swali hayafai kusambazwa. Angalia pia swali liliulizwa vipi. Mahojiano ya simu ni ya bei nafuu na ya haraka, lakini humwacha nje mama wa Marsabit au Turkana asiye na simu yake mwenyewe, au anayeishi mahali mtandao haufiki.

Kenya ina sheria kuhusu haya, ya mwaka 2012, na wananchi wachache mno huitumia. Anayechapisha kura ya maoni ya uchaguzi anatakiwa aseme nani aliifanya, nani aliilipia, lini, kwa njia gani, watu wangapi walihojiwa na kiwango cha makosa ni kipi. Kuchapisha matokeo mapya kunakatazwa katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo ukiona kadi yenye nembo ya kampuni ikizunguka WhatsApp siku mbili kabla ya kura, huhitaji hata kuisoma. Nyakati nyingine, fungua ukurasa wa kampuni yenyewe. Ripoti ya kweli ina kurasa nyingi, majedwali na maneno ya maswali. Kadi ya kughushi ina picha mbili, asilimia mbili na nembo. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017 zilizunguka video zilizofanana na taarifa za CNN na BBC zikidai mgombea fulani anaongoza, na mashirika yote mawili yakalazimika kusema hayakuzitengeneza. Watu wengi walikuwa wameshaziamini.

Mdhamini ndiye swali ambalo wanasiasa hawataki liulizwe. Chama kikilipia utafiti, huenda wahojiwa walichaguliwa vizuri kabisa, lakini chama kitachapisha ule wa mwezi kilipofanya vizuri na kuufungia kabatini ule wa mwezi kilipofanya vibaya. Ukiona matokeo ya kampuni usiyowahi kuisikia, yaliyotolewa hotelini mbele ya wabunge wa upande mmoja, tayari umejua mdhamini ni nani.

Na hapa nije kwenye ndimi mbili zenyewe, maana ndizo zinazoharibu maoni ya umma kuliko hesabu mbovu.

Julai 24, 2017, Uhuru Kenyatta hakufika kwenye mdahalo wa urais. Raila alisimama peke yake akajibu maswali, na wafuasi wake wakasema mgombea anayekwepa mdahalo anawadharau wapiga kura. Walikuwa na haki kabisa. Julai 26, 2022, Raila ndiye aliyesusia, na Ruto akabaki peke yake jukwaani. Wengi waliolaani kutofika kwa Uhuru sasa walikuwa na maelezo marefu kuhusu mpinzani asiyestahili kujadiliana naye. Wa upande wa pili, waliomtetea Uhuru 2017, ghafla waligundua thamani ya mdahalo.

Januari 30, 2018, Raila alipokuwa akijiapisha Uhuru Park, serikali ya Uhuru na Ruto ilizima NTV, KTN na Citizen, na zikabaki gizani kwa siku kadhaa hata baada ya mahakama kuamuru ziwashwe. ODM, chama cha Raila, ilipinga, na ilipaswa kupinga. Juni 25, 2025, siku ya kuwakumbuka vijana waliouawa katika maandamano ya mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kupeperusha maandamano moja kwa moja, na mitambo ya NTV na KTN ikazimwa hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo. Siku hiyo John Mbadi, Opiyo Wandayi, Hassan Joho na Wycliffe Oparanya, wote wa ODM, walikuwa mawaziri katika serikali ya Ruto. Hakuna hata mmoja aliyejiuzulu kwa sababu ya televisheni.

Kipimo ninachokiamini ni daftari. Andika tarehe, kauli, na kiti alichokalia msemaji siku hiyo. Asiposema tena kauli ile baada ya kubadilisha kiti, kauli ilikuwa ya kiti. Ukipata matukio mawili yanayofanana kama hayo ya mdahalo na kuzimwa kwa vituo, yaweke kando kwa kando. Usilinganishe yasiyolingana. Mtu anayebadilisha msimamo baada ya kupata ushahidi mpya na kuueleza hadharani si mnafiki, na kumwita hivyo kunawafundisha viongozi kung'ang'ania makosa.

Vyombo vya habari navyo vina kiti. The Standard na KTN zimehusishwa kwa miaka mingi na familia ya Moi, na K24 na Kameme zinahusishwa na familia ya Kenyatta. Serikali nayo ni mtoa matangazo mkubwa: Machi 2024 wizara ya mawasiliano iliagiza matangazo ya taasisi za serikali yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la taifa. Chombo kinachodai malipo serikalini kinajua bei ya kichwa cha habari kikali. Lakini usihukumu kwa jina la mmiliki pekee. Chagua taarifa ya saa moja usiku kwa siku saba, shika saa, na uandike kila upande ulipewa dakika ngapi, nani alisikika kwa sauti yake mwenyewe na nani alielezewa na mtangazaji tu. Angalia na vitenzi: huyu "alisema", yule "alidai". Siku moja haitoshi, maana siku ya mkutano mkubwa wa chama kimoja dakika zitaelemea huko kwa haki.

Upendeleo ulio mgumu kuuona ni ule wa kunyamaza. Agosti 2022 tume iliweka Fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo 46,229 kwenye tovuti yake, kila mtu azione. Vituo vya televisheni vikaajiri watu wa kuzinakili na kujumlisha, na kwa saa nyingi skrini moja ilionyesha Ruto mbele huku nyingine ikionyesha Raila. Wananchi waliona njama. Sababu ilikuwa nyepesi zaidi: kila chumba cha habari kilianza na fomu zake, na anayeanza na Siaya, ngome ya Raila, hawezi kulingana na anayeanza na Bomet, ngome ya Ruto. Kosa lao lilikuwa kutoandika ni fomu ngapi zimehesabiwa na kutoka wapi. Kosa kubwa zaidi lilikuja baadaye, namba zilipopungua mwendo kisha zikasimama bila maelezo, huku fomu karibu zote zikiwa tayari tovutini. Ule ulikuwa wakati wa kuendelea kuhesabu, na nchi iliachiwa uvumi. ELOG, waangalizi wa humu nchini, walitumia sampuli ya vituo karibu 1,000 vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu kote nchini, na makadirio yao yakakaribiana na matokeo yaliyotangazwa. Fomu 1,000 zilizochanganywa vizuri zinaeleza mengi kuliko fomu 20,000 za upande mmoja.

Fomu yenyewe unaweza kuikagua. Kituo kimoja mwaka 2022 hakikuzidi wapiga kura 700. Jumlisha kura za wagombea wote, zilingane na kura halali. Ongeza zilizokataliwa, jumla isipite idadi ya waliojiandikisha. Linganisha tarakimu na maneno, kisha tafuta sahihi za msimamizi wa kituo na mawakala. Wakala kutotia sahihi si ushahidi wa wizi peke yake, soma sababu iliyoandikwa. Nakala hubandikwa mlangoni pa kituo baada ya kuhesabu. Ipige picha usiku huo huo, jina la kituo na kila tarakimu zionekane, kisha uilinganishe na iliyo tovutini. Zikitofautiana, mpe wakala wa chama chochote picha asili kutoka kwenye simu, si picha ya skrini, ili saa iliyopigwa ibaki ndani yake.